Mgandamizo wa maji kwa wazamiaji: maswali na majibu

Nikiwa pima 11 chini, mwili unapata mgandamizo kiasi gani?

Pima moja ni kama mita 1.8, kwa hiyo pima 11 ni mita 20. Gawa mita kwa 10, kisha ongeza 1: unapata bar 3 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Ile 1 ni ya hewa iliyo juu ya bahari, na wengi huisahau. Maji ya chumvi yana kilo 1,025 hivi kwa kila mita ya ujazo, ndiyo maana kila mita 10 huongeza bar 1. Pima kina cha saa ile, si cha mwamba uliouzoea: Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka karibu mita 4.

Mbona masikio huuma mapema, hata mita 2 hazijafika?

Kinachobanwa ni hewa, na nyuma ya ngoma ya sikio ipo. Bana pua, funga mdomo, pulizia taratibu. Anza ukiwa juu, rudia kila nusu mita, usingoje maumivu. Ikigoma, panda mita moja ujaribu tena. Ukilazimisha, ngoma hupasuka. Mwenye mafua asizame. Miwani isiyofunika pua nayo haifai, kwa kuwa huwezi kupulizia hewa ndani yake: hufyonza macho mpaka yavilie damu.

Mtungi wa hewa wa lita 12 wenye bar 200 unachukua muda gani?

Una lita 2,400. Weka akiba bar 50, zibaki lita 1,800. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 20, penye bar 3, atavuta 60. Ni dakika 30, na humo humo mna kushuka na kupanda. Anayesaka majongoo bahari huku akipigana na mkondo hazifikishi.

Kwa nini kupanda kuna hatari kuliko kushuka?

Hewa hutanuka. Lita 6 ukizitoa mita 30 hadi mita 20 huwa 8. Ukizitoa mita 10 hadi juu huwa 12. Mita 10 za mwisho ndizo mbaya. Anayevuta hewa ya mtungi au ya mpira wa kompresa asizuie pumzi kamwe: hata mita moja na nusu yaweza kupasua mapafu. Panda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3.

Anayezama kwa pumzi aliyovuta juu, mapafu yake hurudi tu ukubwa wa awali. Tatizo lake ni kuzimia akikaribia juu, hasa akihema harakaharaka kabla ya kuzama.

Viungo vikiuma au kufa ganzi baada ya kutoka majini?

Chukulia ni mapovu ya naitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa, yaliyo mwilini. Mlaze, mpe oksijeni safi, mpeleke hospitali mara moja, na useme alizama mita ngapi kwa dakika ngapi. Usimrudishe baharini eti apone. Hata aliye mzima, akizama mara kadhaa, angoje saa 18 kabla ya kupanda ndege.