Kilimo mseto: mti wenye kazi shambani

Wengi wakisikia "kilimo mseto" hufikiria mahindi na maharage kwenye tuta moja. Huko ni kuchanganya mazao tu. Kilimo mseto lazima kiwe na mti, uliopandwa au ulioachwa ukue kwa makusudi, pamoja na mazao au mifugo. Hilo la kuachwa lina uzito wake: kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi na Walango, mishea, miti ya mafuta ya shea, haipandwi kwa kawaida. Mkulima anayefyeka huiruka, kwa sababu anajua mafuta yatokako.

Buganda wana mfano mzuri kuliko wote, mutuba, aina ya mtini. Husimama katikati ya mibuni na migomba, ukiipa kahawa ya robusta kivuli, na majani yake yakianguka huoza yakawa mbolea. Gome lake hubanduliwa, kisha shina hufungwa majani ya mgomba hadi gome jipya liote, mti haufi. Gome hilo likipondwapondwa kwa nyundo za mbao hutoa lubugo, kitambaa cha rangi ya udongo ambacho ufundi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Tini zake nazo huliwa na hondohondo na popo, ambao hudondosha mbegu za miti mingine wanakopita. Shamba la namna hii haliwezi kuwa msitu kama Mabira, lakini ndege anayetoka msitu mmoja kwenda mwingine hupata pa kutua.

Miti mingine ina kazi zake: musizi hukua haraka na kutoa mbao, majani ya kaliandra hulishwa ng'ombe wa maziwa, na kwenye miteremko ya Mlima Elgon mizizi hushikilia udongo. Mikaratusi iliyojazwa kiwanja kizima, bila zao lolote chini yake, ni shamba la miti. Tusichanganye.

Na kaboni? Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, iliyovutwa kutoka hewani. Tani moja ya mti mkavu imefunga takriban tani 1.8 za hewa ukaa, kwa kuwa hewa hiyo ina oksijeni pia; ukiuchoma mkaa, inarudi angani. Ndiyo maana mpango wa kaboni wa ECOTRUST, shirika la uhifadhi la Uganda, ulioanzia Bushenyi mwaka 2003, huwalipa wakulima kwa awamu kwa miaka kadhaa, miti ikikaguliwa kama bado ipo. Kwa maoni yangu pesa hiyo ihesabiwe kuwa nyongeza. Mwenye ekari moja akiijaza miti ya mbao kwa ajili ya kaboni, atanunua matoke sokoni.

Kuna jambo ambalo mafunzo mengi hulipita haraka: ardhi ni ya nani? Mvule huchukua miongo kadhaa kukomaa. Mwenye kibanja kwenye ardhi ya mailo, yaani anayelima ardhi yenye hati ya mtu mwingine, asiyejua kama mwanawe ataachiwa kukaa pale, haishangazi akichagua kaliandra, isiyohitaji kungojewa miongo.