Mkanda kwenye mwamba: kutembea kusini magharibi ya Krete

Nikisema nimetoka Krete, kisiwa cha Ugiriki, swali la kwanza ni lilelile, umefika Samaria? Nimefika, mara mbili, na ni pazuri sibishi, unashuka korongo kilomita 16 kutoka Xyloskalo, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, mpaka unatokea Agia Roumeli ufukweni ambako hakuna barabara, unasubiri boti. Kuna sehemu kuta mbili za mlima zimebaki mita 4 hivi kutoka hii mpaka hii na juu zinakwenda mamia ya mita. Ni hifadhi ya taifa tangu 1962, watu wa kile kijiji cha ndani walihamishwa, wamebaki mbuzi mwitu wanaoitwa kri-kri. Nendeni tu, ila jiandaeni magoti kulalamika siku 3, na mnatembea foleni kama watu wanaotoka uwanja wa mpira.

Mimi lakini kazi yangu ni mawe na maji, ni mjiolojia wa maji ya chini ya ardhi, nimekulia Tanga jirani na mapango ya Amboni kwa hiyo mawe ya chokaa nimeyazoea tangu utoto, na kwangu mimi kitu kikubwa kuliko vyote pwani ile hakina geti wala tiketi. Ni mstari.

Ukitaka kuuona vizuri panda basi kutoka Chania uende Sougia, ni kama kilomita 70 lakini kona za mlimani zinafanya safari iwe ndefu, kama tumbo lako halipendi kona kaa mbele. Sougia ni kijiji kidogo tu chenye ufukwe mrefu wa kokoto. Ukifika bandarini ndipo inapoanzia njia ya kwenda Lissos, sehemu ya E4, njia ndefu ya watembea kwa miguu ya Ulaya, alama zake ni rangi ya njano na nyeusi zimepakwa kwenye mawe na nguzo. Inaingia kwanza kwenye kikorongo chenye kivuli, halafu inapanda kwenye misonobari, halafu unatokea juu kwenye uwanda mkavu wa vichaka vya miiba vinavyonukia ukivikanyaga, mambo ya zatari na oregano, halafu ghafla bonde la Lissos liko chini yako na bahari ya buluu mbele. Saa moja na nusu hivi kwa mwendo wa mtu anayepiga picha.

Lissos ulikuwa mji. Kuna hekalu la Asklepios, mungu wa uponyaji wa Wagiriki wa kale, sakafu yake ya vijiwe vya rangi ipo mpaka leo, na upande wa magharibi makaburi ya enzi za Warumi yamejengwa kama vibanda vyenye paa la mviringo, ukiwa mbali unadhani ni kijiji kina watu. Na kuna chemchemi, ndiyo iliyoleta wagonjwa hapo. (Mara ya kwanza niliweka begi chini nikaenda kuikagua hiyo chemchemi kama mtu wa maji anavyotakiwa, kurudi nikakuta mbuzi wamemaliza mkate wangu wote na wananiangalia kama mimi ndiye mgeni, na kweli ndiye.)

Sasa shuka mpaka kwenye kokoto za ghuba, geuka utazame miamba ya pembeni. Usitazame usawa wa maji, inua macho. Juu kabisa, zaidi ya mita 6 toka baharini, utaona mfuo umechorwa kwenye jiwe, umenyooka kama mtu kavuta kamba, unakwenda na mwamba unaingia nao kila pango na kutoka nao. Ukiukaribia sehemu unayoweza kuufikia, utakuta chini yake jiwe lina vitundu vingi vidogo vya mviringo, kidole kinaingia. Hivyo vitundu kavitoboa kome wa aina inayoishi ndani ya mawe, na huyo mnyama haishi nchi kavu hata siku moja. Maana yake hapo juu ulipoinua kichwa ndipo bahari ilipokuwa.

Bahari haikushuka. Nchi ndiyo iliyopanda.

Tarehe 21 Julai mwaka 365 baada ya Kristo palitokea tetemeko ambalo wengi wetu wanajiolojia tunalikadiria kuwa na nguvu ya 8 au zaidi, upande huu wa kisiwa ukanyanyuliwa, sehemu iliyopanda sana ilifika mita 9. Maji yaliyosukumwa yakavuka bahari yakaipiga Alexandria kule Misri, na mwandishi wa Kirumi Ammianus Marcellinus akayaandika, bahari kurudi nyuma kwanza halafu kuja kwa nguvu na merikebu kutupwa mpaka juu ya nyumba. Huku Krete ikawa kinyume, bandari zikakaukiwa. Phalasarna, pwani ya magharibi, unakwenda kuangalia bandari ya kale na unaikuta imekaa kwenye udongo kama mita 100 kutoka majini, kuta za gati zipo na hakuna cha kufunga hapo. Mwingereza mmoja wa jeshi la majini, Spratt, alishaiona hii mistari katikati ya karne ya 19 na akaelewa kwamba ardhi imeinuka. Umri tumeupata baadaye kwa kupima kaboni kwenye magamba ya viumbe waliogandia kwenye mfuo. Kuna wenzetu wanaobisha kwamba haikuwa siku moja, ni matetemeko kadhaa yaliyofuatana karne hizo, na mimi naona hoja zao si za kupuuza, ubishi unaendelea.

Na anayeinyanyua Krete ni nani? Ni Afrika. Sakafu ya bahari ya bamba la Afrika, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia kilichobeba bara letu, inazama taratibu chini ya kisiwa, inakwama, inabana, siku ikiachia ndio hayo. Kwa usahihi ni bamba la Nubia, sisi wa mashariki ya Bonde la Ufa tunahesabiwa kwenye bamba jingine, kwa hiyo mashtaka yapelekwe Kinshasa.

Jambo moja lilinisumbua mpaka nikacheka nilipolielewa. Kwetu Tanga mwamba wa matumbawe pia umeliwa chini, kila mtu wa pwani ameuona umesimama kama uyoga, lakini ule mlo ni mpana, umekwenda juu chini, hauna mstari. Huku mbona kama umekatwa kwa kisu? Jibu ni bamvua. Kwetu siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo jiwe linaliwa kimo chote hicho, wakati huku kupwa na kujaa ni sentimita chache tu mtu hata hajui kama kuna kupwa, basi bahari imekaa palepale miaka na miaka ikilamba sehemu moja. Ndo maana mkanda ni mwembamba, na ndo maana unafaa kupimia.

Upime wewe mwenyewe. Panda boti ya pwani kutoka Sougia kwenda mashariki, kaa upande wa kushoto, na uutazame mkanda. Unashuka! Ukipita Agia Roumeli mkanda uko chini kuliko Lissos, ukifika Loutro umeshuka tena, kwa sababu kisiwa kilinyanyuka kwa kuinama, magharibi juu mashariki chini, kama kitanda kilichowekewa tofali miguu ya upande mmoja. Abiria wenzangu walikuwa wanapiga picha nyumba nyeupe za Loutro, mi nilikuwa nimeshika penseli nimenyoosha mkono napima mwamba, mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.

Loutro nako hakuna gari. Kutoka hapo tembea kwenda Chora Sfakion, njia imechongwa kwenye jabali, kuna kipande ambacho mwenye kizunguzungu cha urefu asijaribu na upepo ukiwa mkali hata asiye nacho aahirishe. Katikati kuna ufukwe wa Glyka Nera, maana yake maji matamu. Lefka Ori, milima iliyo nyuma yako, inapita mita 2,400 na theluji yake ikiyeyuka haitiririki juu, chokaa inainywa yote, inapita kwenye nyufa na mapango ya chini kwa chini mpaka inakutana na bahari, na hapo ndipo inapotokea, chini ya kokoto. Nenda Mei au Oktoba, Agosti jua linakatisha watu njiani. Vua viatu, chagua sehemu hatua chache kutoka kwenye mawimbi, fukua kokoto kwa mikono kimo cha kiwiko hivi na usubiri. Kwanza yanakuja maji ya vumbi, halafu yanajisafisha yenyewe. Niliyaonja nikitegemea chumvi hata kidogo. Hakuna, na ni baridi mpaka meno yanauma.