Je, wajua kwa nini jeraha la jicho moja laweza kupofusha yote mawili?

Mwaka 1812, Louis Braille, aliyekuja kubuni maandishi ya nukta ya wasioona, akiwa na miaka 3, alijichoma jicho kwa msharasi (chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi) katika karakana ya baba yake huko Coupvray, Ufaransa. Alipofika miaka 5 hakuona kwa jicho lolote. Msharasi uligusa moja tu.

Kwa muda mrefu nilijiaminisha kuwa vijidudu viliingia jerahani, vikafuata mshipa wa fahamu hadi mishipa ya macho mawili inapokutana, vikavukia upande wa pili. Si mimi peke yangu: hata madaktari wa karne ya 19 walidhani uvimbe husafiri kwa njia hiyo, na ugonjwa ukapewa jina la "huruma" (kwa Kiingereza sympathetic ophthalmia), ati jicho zima linamhurumia mwenzake aliyeumia. Lakini jicho hilo zima halina kijidudu hata kimoja. Tena ugonjwa hauna haraka: kwa kawaida huchukua wiki au miezi, na kwa wachache miongo.

Mshambulizi ni kinga ya mwili. Fikiria walinzi wanaozunguka mtaa mzima, ila kuna nyumba mbili pacha zisizofunguliwa mlango kamwe. Waliomo, yaani protini za ndani ya jicho, ni wenyeji halali, lakini walinzi hawajawahi kuwaona. Siku ukuta wa nyumba moja ukibomoka, sura hizo zinaonekana nje kwa mara ya kwanza, tena katikati ya vurugu. Walinzi wanazichukulia kuwa za wavamizi, wanazikariri, wanaanza msako. Nyumba ya pili ina watu wenye sura zilezile.

Kwa bahati nzuri hili ni nadra mno. Macho mengi yanayotobolewa hayaleti balaa hilo, na sababu ya kinga kukosea kwa huyu na si kwa yule haijafahamika vizuri.

Kuutambua ndiko kunakonishangaza zaidi. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Damu hupimwa ili kuondoa washukiwa wengine, kama kifua kikuu na kaswende. Picha za retina, utando wa nyuma ya jicho, huonyesha uvimbe, lakini ugonjwa wa Vogt-Koyanagi-Harada, ambapo kinga hushambulia macho bila jeraha lolote, hutoa picha zinazofanana nazo mno. Mara nyingi kinachoamua ni swali moja: umewahi kuumia au kupasuliwa jicho, hata zamani? Likijibiwa ndiyo, jina la ugonjwa hubadilika, ingawa picha ni zilezile.

Kwa Braille nako tuna simulizi tu, na wapo wanaoshikilia kuwa yalikuwa maambukizi.