Malengelenge ya mzee mwenye kisukari: uliza vidonge kwanza

Mzee wa Lamu aliyepita miaka 70 akianza kuwashwa usiku kucha, kisha akatoka malengelenge makubwa, magumu, yaliyojaa maji, wengi hudhani ni mkanda wa jeshi. Lakini mkanda hushika upande mmoja wa mwili. Haya huota pande zote mbili, mapajani, tumboni na mikononi. Mimi huomba kwanza niletewe mfuko wa dawa, pamoja na zile alizokwisha kuziacha.

Humo natafuta dawa za kisukari zenye majina yanayoishia na gliptini: vildagliptini hasa, pia sitagliptini na linagliptini. Soma herufi ndogo, maana mara nyingi huchanganywa na metformini ndani ya kidonge kimoja, na metformini haina kosa hapa. Gliptini inaweza kuchochea kinga ya mwili ishambulie kolajeni 17, protini inayoshikiza ngozi ya juu kwenye ya chini. Tabaka zikiachana, maji hujaa katikati. Huo ndio ugonjwa wa pemfigoidi. Kinachowapoteza watu ni muda: dawa huwa imemezwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, bila shida yoyote. Daktari akiisimamisha, ampe mgonjwa nyingine ya kisukari papo hapo.

Vipande vya ngozi vichukuliwe viwili. Cha ukingo wa lengelenge jipya kiwekwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili. Cha pili kikatwe kwenye ngozi isiyovimba, karibu na lengelenge, na kiwekwe kwenye salini, yaani maji ya chumvi ya hospitali, kwa sababu formalini huharibu kipimo cha kingamwili. Salini nayo haingoji: kifike maabara ndani ya saa 24. Kwa hiyo kikatwe asubuhi ya siku kinaposafirishwa, kamwe si Ijumaa jioni.

Tiba ni klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, ya asilimia 0.05. Malengelenge yakiwa mengi, gramu 30 hadi 40 kwa siku, mwili mzima isipokuwa uso. Wengi huipaka kama wanja, halafu husema dawa haifanyi kazi. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, husaidia, ila hupandisha sukari. Sukari ipimwe kila siku.

Lengelenge kubwa litobolewe chini kwa sindano tasa, ngozi yake iachwe ifunike kidonda. Liwa na maji ya mwarobaini visiguse kidonda.

Macho na mdomo vikichubuka, kuna homa na ngozi inauma, wiki chache baada ya kuanza kotrimoksazoli, karbamazepini au alopurinoli, huo ni ugonjwa mwingine, nao huua. Acha dawa hiyo, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usingoje boti ya kesho.