Shela jeupe maana yake nini hasa?

Mwaka juzi binamu yangu alikuwa anaolewa, ana mtoto wa miaka minne, ameshalipia advansi ya shela jeupe la kukodi, tena zuri lina mkia mrefu, sasa kwenye kikao cha familia shangazi akaliangalia kwenye simu afu akairudisha simu mezani taratibu, akasema "mwanangu, wewe vaa krimu." Hakuna aliyebisha maana wote tulijua anamaanisha nini, nyeupe ni ya bikira, basi. Binamu akaongeza hela akabadilisha. Mimi ndo nikaanza kufuatilia hii kitu imetoka wapi, na kumbe nyeupe ilianza kwa habari za pesa, mambo ya ubikira yamekuja kudandia baadaye.

Huko Uingereza zamani bibi harusi alikuwa anavaa gauni lake zuri kuliko yote, rangi yoyote ile, bluu, kahawia, jekundu, hata jeusi sawa tu, na Hispania jeusi ndo lilikuwa la kawaida kabisa. Harusi ikiisha gauni linaendelea na kazi, linavaliwa kanisani Jumapili, linavaliwa kwenye harusi za wenzake mpaka linachakaa. Sasa nani mwenye akili zake angeshona jeupe? Watu wanawasha makaa ya mawe ndani, masizi kila kona, barabarani tope, na kufua ni mikono. Mwenye gauni jeupe alikuwa anawaambia watu kwamba hafui mwenyewe, na hili likiharibika lipo lingine. Ni kama leo uingie nyumba ya watu ukute sofa nyeupe na watoto watatu wadogo wanakimbia kimbia, unajua tu hapa kuna dada wa kazi na hela ipo.

Halafu tarehe 10 Februari 1840 Malkia Victoria akafunga ndoa na Albert (na yeye ndo aliyemposa Albert, maana malkia haposwi). Mabinti wa kifalme wenzake walizoea magauni ya nyuzi za fedha yanayong'aa, yeye akavaa satini nyeupe na lesi ya Honiton iliyotengenezwa kwa mkono na wanawake wa Devon, watu ambao kazi zao zilikuwa zinauawa na lesi za mashine. Picha za kuchora zikasambaa, matajiri wa Ulaya na Marekani wakaiga, wa kati nao wakaiga matajiri, we unajua mambo ya harusi yanavyokwenda.

Ila hakuwa wa kwanza. Mary, malkia wa Scotland, alivaa nyeupe Paris mwaka 1558 alipoolewa na mrithi wa ufalme wa Ufaransa, na kwa malkia wa Ufaransa wakati huo nyeupe ilikuwa rangi ya msiba. Mumewe akafariki 1560. Fikiria tu maneno ya watu.

Sasa ubikira. Mwaka 1849, yaani miaka 9 tu baada ya harusi ya Victoria, jarida la akina mama la Marekani, Godey's Lady's Book, likaandika kwamba desturi tangu enzi na enzi imeamua nyeupe ndo rangi ya bibi harusi, alama ya usafi wa msichana. Enzi na enzi! Mtoto aliyezaliwa siku ya harusi ya Victoria alikuwa hata meno ya utotoni hajamaliza kung'oa. Lakini maneno yakashika, yakazunguka, na sisi ikatufikia shela na maana yake vimefungwa furushi moja, tukapokea vyote.

Ukitoka hapo rangi inabadilika maana kabisa. China harusi ni nyekundu, rangi ya heri, na nyeupe waliiweka kwa ajili ya msiba. Wahindu wengi nao nyekundu, nyeupe ya mjane, ingawa Wagujarati, ambao ndo wengi kati ya Wahindi wa huku kwetu, wana sari inaitwa panetar, nyeupe yenye pindo jekundu, inaletwa na mjomba mtu, afu baadaye upande wa mume wanamfunika na gharchola nyekundu, kwa hiyo nguo yenyewe inakuonyesha binti ametoka kwa nani na anaenda kwa nani. Mimi hii naipenda kuliko zote. Oman usiku wa hina bibi harusi anavaa kijani.

Na pwani yetu kulikuwa na kisutu kabla ya shela. Sio Kisutu ya mahakamani, nasema kanga, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, moja ya kanga za zamani kabisa, ndo kanga ya bibi harusi. Nyeupe imo humo ndani na wenzake wawili, wala hakuna mtu anayeiuliza ina mtoto au haina. Nyeupe yenyewe ikiwa peke yake, kwa wazee wengi inawakumbusha sanda kwanza.

Binamu alivaa krimu yake, akapendeza. Picha zilipotoka, kwa zile taa za mpiga picha, shela limetoka jeupe pee, na shangazi kaweka moja sebuleni kwake.