Kabla ya Shakespeare Kulikuwa na Ng'ombe

Juzi nimeisikia tena. Hatujamaliza hata kushuka kwenye basi, mzee mmoja wa Dodoma anamwambia mjukuu wake: "Hapa palikuwa kijiji tu. Shakespeare ndiye aliyepafanya mji." Kazi yangu ni kutembeza wageni Stratford-upon-Avon, huku Uingereza, mambo mengi nayaacha yapite, lakini hili linanishinda. Samahani mzee wangu, nikamwambia, Shakespeare alipozaliwa mwaka 1564, gulio la hapa lilikuwa na umri wa miaka 368.

Kijiji kilikuwepo, ndiyo, upande wa kanisani, na mtaa ule hadi leo unaitwa Old Town. Lakini mwaka 1196 Mfalme Richard I alimruhusu askofu wa Worcester, John wa Coutances, awe na gulio hapa kila Alhamisi. Askofu hakuwa anatafuta washairi, alikuwa anatafuta kodi. Akapima viwanja, kila kimoja kama mita 18 kwa 60, akavikodisha kwa shilingi moja kwa mwaka. Katikati ya karne ya 13 viwanja vilishapita 200, na mitaa unayotembea leo ndiyo ile ile aliyoichora yeye.

Tena mitaa yenyewe inajieleza. Sheep Street ni ya kondoo, Wood Street ya mbao, na Rother ni neno la kale la ng'ombe wenye pembe. Ndiyo maana wageni wangu siwaanzishii Henley Street kwenye nyumba aliyozaliwa Shakespeare, hata wakinuna. Naanzia Rother Street. Soko bado linapangwa pale. Nawaambia simameni katikati, tazameni upana wa mahali: watalii hawakuwepo wakati huo, waliohitaji nafasi ni ng'ombe.

Sasa mtazame baba mtu. John Shakespeare alishona glavu za ngozi akaziuza gulioni, na sufu aliifanyia biashara pembeni, kinyume cha sheria. Mwaka 1552 alitozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika jaa la samadi Henley Street, na mwaka 1568 mtu huyo huyo akawa mkuu wa mji. Bila ngozi hakuna glavu, na bila gulio hakuna wa kuzinunua. Mwana alikuzwa na mji wa wachuuzi, ninyi mnanigeuzia kibao.

Na daraja mlilopita mkiingia? Hugh Clopton, mtu wa hapa aliyetajirika kwa biashara ya vitambaa London hadi akawa meya wake mwaka 1491, alilijenga kwa mawe, matao 14. La zamani lilikuwa la miti, na mto Avon ukifurika watu waliogopa kuvuka kuja gulioni. Magari yanapita juu ya matao yale mpaka leo. Hakuna anayelipiga picha.

Wanachopiga picha ni zile nyumba za mbao nyeusi na kuta nyeupe, wakiamini ndivyo zilivyokuwa enzi hizo. Hapana. Mwaloni uliachwa bila rangi ukazeeka kuwa kijivu. Mtindo wa weusi ulishamiri karne ya 19. Nyumba ya Henley Street yenyewe iligeuka kilabu cha pombe upande mmoja na bucha upande mwingine kabla ya kununuliwa kwa pauni 3,000 mwaka 1847, na sura yake ya nje ya leo ni kazi ya ukarabati uliofuata. Ila ukipata mahali lipu imebanduka kwenye nyumba za umri ule, chungulia ndani: fito na udongo. Bibi yangu angeshangaa kusikia watu wanalipa kiingilio.

Wengine huulizia jumba lake la New Place. Halipo, ni bustani. Mchungaji Francis Gastrell alilinunua, akachoshwa na wageni waliokuja kuuona mforsadi unaosemekana Shakespeare aliupanda, akaukata mwaka 1756. Wenyeji wakamvunjia madirisha. Mwaka 1759 akabomoa jumba zima. (Kuna siku, mwezi wa saba, namwelewa.)

Nyumba ya mama yake Shakespeare kule kijijini Wilmcote? Hadi mwaka 2000 watalii walikuwa wakionyeshwa ya jirani.

Ukumbi wa Globe, walikoigizia tamthilia zake, uko London. Uko London, jamani. Walioisoma shuleni Juliasi Kaizari, tamthilia yake aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, ndio wanaoongoza kwa kuutafuta huku.

Na Stratford ziko mbili. Mwaka jana mgeni alinipigia simu: "Nimeshafika, naona uwanja mkubwa wa mpira, huo mto uko wapi?" Alikuwa Stratford ya mashariki mwa London, ile ya Olimpiki ya 2012, mifuko ya maduka mkononi. Nikamwambia avuke jiji lote hadi kituo cha Marylebone, apande treni, safari ya saa mbili na zaidi. Aliingia Rother Street jioni, wachuuzi wanakunja meza. Akanunua kipande cha mwisho cha jibini.