Mtoto ana akili sana, kwa hiyo lazima agundue kitu? Dhana potofu kuhusu kambi za ikolojia

Nafundisha ikolojia kwenye kambi za likizo ya Juni kule Amani, Usambara Mashariki. Wanakuja vijana wa sekondari ambao shule zimewachagua kwa sababu vichwa vyao vinachaji, na mimi na vichwa vyao hatuna ugomvi kabisa, ugomvi wangu ni simu za wazazi. Maswali ni yaleyale kila mwaka, so naandika hapa mara moja, akinipigia mtu namtumia hii.

Dhana: mwenye kipaji lazima arudi na jibu, la sivyo hela imeliwa

Hii ndo inanimaliza. Mzazi anapiga jioni, "Mwalimu, leo amegundua nini?" Namwambia leo wamehesabu miche kwenye kwadrati, yaani fremu za mraba za mita moja kwa moja zinazowekwa chini msituni, kaweka ishirini na kumi na nne hazina kitu. Kimya. Halafu, "Sasa si amekosa?"

Hajakosa mama! Sifuri ni data. Hizo kwadrati tupu ndo zinakwambia miche imejikusanya sehemu chache tu, pengine pale mti mkubwa ulipoanguka jua likapata njia ya kufika chini. Piga hesabu mwenyewe: kwadrati 20, sita zina miche mitano mitano, jumla 30, wastani ni 1.5 kwa mita ya mraba, yaani 15,000 kwa hekta. Sasa futa zile sifuri kwa kuwa "hazina kitu", wastani unaruka mpaka 5 na hekta yako ina miche 50,000. Umeshaotesha msitu kwa kalamu.

Na wanaozifuta ni haohao wenye A, yule wa kawaida wala hahangaiki anaandika sifuri anasonga mbele. Mwenye A toka darasa la kwanza anajua kila swali lina jibu lake kwenye makingi skimu, akiona fremu imeangukia majani makavu anahisi kama amefeli, basi anaisogeza kidogo, hatua mbili tu pale penye kijani, na wala hajioni kama anadanganya, anataka apate tu. Ndo maana kwangu hakuna kuchagua sehemu. Unasoma namba kwenye jedwali la namba nasibu, yaani namba zisizofuata mpangilio wowote, unatembea hizo hatua kwenye transekti, ile kamba iliyonyooshwa msituni, unaweka fremu hapohapo. Pameangukia mwamba, andika mwamba. Pana siafu, hapo ruhusa kukimbia ila ukirudi andika siafu.

Wanachoka zaidi tukifika kwenye kukamata na kukamata tena, njia ya kukadiria wanyama wako wangapi bila kuwahesabu wote. Wanakusanya konokono, wanatia kila mmoja tone la rangi ya kucha kwenye gamba, wanawaachia, baada ya siku kadhaa wanakusanya tena. Tuseme mwanzo walitia alama 40, mara ya pili wamepata 30 na kati yao 10 wana alama: 40 mara 30 gawa kwa 10, konokono 120. Lazima mmoja aulize, "Kwa hiyo wako 120 kweli?" Sijui, na wewe hujui. Wangerudi watano tu wenye alama ungesema 240. Rangi ikibanduka kwenye magamba namba inapanda bila konokono hata mmoja kuongezeka. Kijana aliyezoea kupata 98 anakasirika hapo, na mimi naiacha ile hasira ifanye kazi yake, kesho yake ndo anaanza kuuliza makadirio yanaweza kukosea kiasi gani na kwa upande upi. Mzazi ukipiga siku hiyo ukamuuliza amegundua nini unaniharibia.

Hizi nyingine nazipitia haraka.

Eti wataona tembo. Hapana, tembo na simba nenda Mikumi. Huku ni vinyonga usiku kwa tochi ya kichwa, wamelala kwenye ncha za vijiti wamepauka, unawaona kirahisi kuliko mchana. Na kinyonga hana sumu, acheni kuwatisha watoto.

Eti ikolojia ni kupanda miti. Hapohapo Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, kuna mti unaitwa Maesopsis, Waganda wanauita musizi, asili yake ni huko Uganda na Kagera. Ukaletwa, ukapandwa, hondohondo wakala matunda wakasambaza mbegu, na popote msitu wa asili ulipokatwa mbao ukajaa wenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia kambi "ipande miti elfu moja" namuuliza miti gani, wapi, na nani kapima kabla.

Eti apu ya simu inatosha kutambua mimea. Apu imejifunza kwa picha walizopiga watu, mmea wa Usambara usiopatikana kwingine picha zake ni chache mno, sasa simu inakutajia jamaa yake wa mbali tena kwa kujiamini. Vunja jani unuse, angalia utomvu, angalia majani yamepangana vipi. Simu baadaye.

Nyoka. Wapo, siwezi kuwadanganya. Mtu aking'atwa msituni mara nyingi ni mguuni, kwa hiyo gambuti kila siku, usiku tochi, na mkono hauingii kwenye shimo wala chini ya gogo usilolikagua. Lile jiwe jeusi mnalowafungashia kwenye begi halinyonyi sumu yoyote, linapoteza muda tu. Aliyeng'atwa anatulizwa, hachanjwi wala hafungwi kamba, anabebwa hospitali. Nafasi ya jiwe wekeni soksi ndefu za siafu na penseli tatu nne, maana peni ya wino na manyunyu ya Amani haviivi chungu kimoja.